Saa ya Kivuli Analipa Nani?
Mhadhara kuhusu joto, hesabu na wabeba mizigo wa Magole

Wazee wangu, ndugu zangu wa Magole na Dumila, na nyinyi vijana wa vijiwe mlioacha pikipiki nje ili mje kusikiliza. Mwezi Januari 2014 maji ya Mto Mkundi yaliikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma hapa hapa kwetu. Daraja liliharibika, magari yakakwama pande zote mbili, nyumba zikazama, na wanajeshi wakaja kuirudisha njia. Miaka minne kabla ya hapo, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yaliwahamisha watu Kilosa mjini na kuisimamisha Reli ya Kati. Maafa hayo yana tarehe, yana picha, yana orodha za waathirika, na ni haki yawe nazo. Joto la kiangazi halivunji daraja. Linakuja kila mwaka, linakaa miezi karibu mitano, na aliyeumizwa nalo anaandikwa zahanati kuwa ana malaria, au ana kichwa, au alipata ajali kwa uzembe. Nataka leo tulizungumze kama tunavyozungumza habari ya mto, tukimwangalia mtu mmoja anayelibeba kuliko wengine: kijana anayepokea vifurushi kwenye mabasi na kuvipeleka vijijini kwa pikipiki, guta au kirikuu.

Hoja yangu ni hii. Dereva huyu anaujua ubaya wa jua, anajua kivuli kilipo na anajua kwamba anapaswa kunywa maji. Kinachomtoa kivulini saa saba mchana ni jinsi malipo yake yalivyopangwa. Kwa hiyo ushauri wa afya peke yake, hata ukirudiwa redioni kila siku, hautamwokoa mpaka tuguse hesabu. Najua neno hilo linawagusa wengi hapa, wenye pikipiki na wasio nazo, na kwa sababu hiyo nitalifikia polepole, baada ya kuona kwanza kazi ilivyo na mwili unavyofanya kazi.

Magole na Dumila ziko mahali ambapo njia zinagawanyika. Barabara moja inapanda Turiani na Mtibwa kwenye mashamba ya miwa. Nyingine inakwenda Rudewa na Kilosa, kisha Mikumi. Na kubwa kuliko zote inatoka Morogoro kwenda Dodoma. Mzigo unaotoka Kariakoo unapakiwa kwenye basi alfajiri, kondakta anaushusha hapa ukiwa umeandikwa namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, na kijana wa kijiweni anaufunga kwa mpira nyuma ya kiti. Ndani kuna kipuri cha pampu ya kumwagilia mpunga, mbegu, dawa ya mifugo, simu iliyotengenezwa, sare za shule. Tazameni sasa saa. Basi lililoondoka Dar es Salaam alfajiri linafika kwetu jua likiwa limeshapanda. Lililotoka Dodoma alfajiri linafika saa zizo hizo kutoka upande wa pili. Ratiba iliyopangwa kwa manufaa ya abiria wa mbali inamwaga vifurushi vya eneo hili katikati ya mchana, na mteja wa Msowero au Mvumi anapiga simu dakika ileile aliyotumiwa ujumbe kwamba mzigo umeshuka. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, lakini matokeo yake ni kwamba saa nyingi za kazi ya kusambaza zinaangukia saa mbaya kuliko zote za siku.

Na mbaya hapa ina maana yake. Wilaya yetu iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, kwanza katika siku kumi za mwanzo za Oktoba, kisha mwanzoni mwa Machi linaporudi kaskazini. Kati ya tarehe hizo mbili haliendi mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekuwa ikilieleza jambo hili kwa jina la jua la utosi kila watu wanapolalamikia joto la miezi hiyo. Sisi tuko kwenye tambarare, chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, hewa ya mlimani haitufikii mchana, na mvua za vuli zinapoanza zinaacha unyevu hewani bila kuondoa joto. Huo unyevu ndio sehemu ya hesabu ambayo kipimajoto cha ukutani hakiioni.

Mwili wa mtu unajitahidi kubaki karibu na nyuzi 37. Misuli inayofanya kazi inazalisha joto, damu inalipeleka kwenye ngozi, na jasho linapokauka linaondoka nalo. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lililodondoka halijampoza mtu hata kidogo. Ndiyo maana miaka ya 1950, baada ya askari wapya wa Marekani kuanguka mazoezini kwa joto, wataalamu waliacha kutegemea kipimajoto kimoja wakaunganisha vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji, cha pili kimo ndani ya tufe jeusi lililoachwa juani, cha tatu ni cha kawaida kivulini. Katika jumla, kile cha kitambaa chenye maji kinapewa asilimia 70 ya uzito, tufe jeusi 20, na kile tunachokisikia kwenye taarifa ya habari kinapata 10 tu. Kwa mtu aliye barabarani, namba ya redioni ni sehemu ndogo ya anachokipata. Lami iliyopigwa na jua la mchana inaweza kupita nyuzi 60. Injini iko katikati ya miguu yake. Kichwa kimo ndani ya kofia ngumu, mara nyingi nyeusi. Na wengi bado wanalo mwilini lile koti zito walilolivaa alfajiri kwa ajili ya baridi.

Wapo wanaosema dereva wa pikipiki ana nafuu kwa kuwa anapata upepo. Ni kweli nusu. Upepo unasaidia jasho kukauka, lakini hewa ikishazidi joto la ngozi, ambalo ni karibu nyuzi 35, upepo huohuo unamwongezea joto. Kuna hatari nyingine iliyojificha ndani ya nafuu hiyo: jasho lake linakauka kabla hajaliona. Mkulima anayepalilia anaona shati limelowa na anajua amepoteza maji. Dereva anafika Rudewa shati kavu na anadhani yuko salama. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 akipoteza lita moja na robo hivi amefikia asilimia 2 ya uzito wake, kiwango ambacho umakini na wepesi wa kuamua huanza kupungua. Mbele yake kuna malori ya Dodoma na ng'ombe wanaovuka. Utafiti uliofanyika Catalonia, Hispania, na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa siku za wimbi la joto ajali za barabarani ziliongezeka kwa karibu asilimia 3, na zile zilizotokana na hali ya dereva mwenyewe, kama uchovu na kukosa umakini, zilipanda kwa karibu asilimia 8. Hispania ina magari yenye viyoyozi. Ajali tunayoiandika kuwa uzembe huenda ilianza saa mbili kabla, kwenye chupa ya maji iliyokuwa tupu.

Sasa hapo ndipo tunaposimama kila mara. Tunawaambia vijana wanywe maji kidogo kidogo, kikombe kila dakika 15 au 20, wasingoje kiu. Wavae shati jepesi la pamba la mikono mirefu badala ya koti. Wachague kofia ngumu ya rangi nyeupe na wasiivue wakiwa njiani hata joto likizidi, waivue wakisimama kivulini. Mwenye kichefuchefu na misuli inayokaza asimame. Na anayeanza kuongea ovyo au kuyumba apelekwe zahanati huku akimwagiwa maji na kupepewa, maana joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo unaweza kuharibika ndani ya dakika chache, wala haungoji kesho. Huo wote ni ushauri sahihi na nausisitiza. Lakini wengi wenu mmeshausikia. Kunywa maji kunamaanisha kutafuta choo, na choo cha stendi ni cha kulipia. Kusimama kunamaanisha safari moja imepotea. Kwa nini safari moja iwe nzito kiasi hicho, hata kijana aone ni heri ahatarishe kichwa chake?

Jibu ni hesabu. Pikipiki nyingi zilizo kijiweni si mali ya wanaoziendesha. Kuna mwenye kutoa hesabu ya siku: jioni anampelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, kiasi kilekile, apate abiria asipate, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Kuna mwenye mkataba: anapeleka hesabu kwa mwaka au zaidi, kisha chombo kinakuwa chake. Katika mipango yote miwili, saa za mwanzo za kazi zinamlipa tajiri na kituo cha mafuta, na mkate wa nyumbani kwa dereva unatoka kwenye saa za mwisho. Kwa hiyo akikaa kivulini kwa saa tatu, kinachopungua ni chakula cha watoto wake peke yake; hesabu ya tajiri haipungui hata shilingi. Joto ni letu sote, gharama ya kulikwepa imewekwa begani kwa mmoja. Simlaumu tajiri kana kwamba alikaa akapanga ubaya. Wengi wao ni walimu, wajane, wastaafu waliotia kiinua mgongo chao kwenye chombo kimoja, na mpango wa hesabu wameukuta. Nasema tu kwamba mpango huo ulitungwa bila kulifikiria jua.

Je, ni dhana yangu tu kwamba namna ya kulipwa inaumiza mwili? Imepimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kupima damu ya wafanyakazi 295 wa mashamba ya California kabla na baada ya zamu ya siku moja. Figo za watu 35 kati yao zilionyesha kuumia ndani ya zamu hiyo. Waliokuwa wakilipwa kwa kipande, yaani kwa idadi ya walichovuna, uwezekano wao wa kuumia figo ulikuwa zaidi ya mara nne ya wale waliolipwa kwa saa. Wote walikuwa mashambani juani, na tofauti moja kubwa ilikuwa katika daftari la malipo. Anayelipwa kwa kipande haendi kunywa maji kwa sababu kila dakika ya kunywa ina bei, na anayeidai bei hiyo ni tumbo lake. Hesabu ya bodaboda ni kali kuliko malipo ya kipande, kwa kuwa mvuna matunda akipumzika anabaki na sifuri, ilhali dereva akipumzika anabaki na deni.

Amerika ya Kati imetuonyesha mwisho wa njia hiyo ulipo. Tangu madaktari wa El Salvador walipoandika juu yake mwaka 2002, ugonjwa wa figo usiotokana na kisukari wala shinikizo la damu umewaua maelfu ya wakata miwa vijana wa ukanda ule, na kazi nzito juani bila maji ya kutosha inatajwa miongoni mwa sababu zake kuu. Msimu wa 2014 hadi 2015, kundi la wakata miwa wa El Salvador lilipewa maji ya kubeba mgongoni, hema la kivuli linalohamishika, na mapumziko yaliyopangwa. Dalili za kuishiwa maji zilipungua, na kiasi walichokata kwa siku, ambacho wengi walitegemea kingeshuka, kilipanda kutoka tani 5.1 hadi tani 7.3 kwa mtu. Sitaki kuuvuta ushahidi huu kuliko unavyofika: kundi lilikuwa dogo, na walipewa pia mapanga yaliyoboreshwa, hivyo sehemu ya ongezeko ni ya panga. Hata hivyo unatosha kuiondoa ile imani kwamba kila dakika ya kivuli inaibiwa kazini. Na Mtibwa si mbali na hapa. Wenye ndugu kwenye miwa wanaweza kulipeleka jambo hili huko.

Tuje kwenye pingamizi, na la kwanza ni lile la wazee: sisi ni watu wa nchi ya joto, tumelizoea. Kuzoea kupo kweli. Mtu akifanya kazi juani kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili, mwili unajifunza kutoa jasho mapema, kutoa zaidi, na kupoteza chumvi kidogo ndani ya jasho hilo. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ililijua hilo tangu miaka ya 1930 ikawa inawazoesha wachimbaji kabla ya kuwashusha. Lakini angalieni kilichobadilika: aliyezoea anatoa jasho zaidi, kwa hiyo anahitaji maji mengi kuliko mgeni. Mazoea yanamwongezea uwezo na deni la maji kwa pamoja. Yanapotea pia. Kijana aliyelazwa wiki tatu, au aliyerudi kutoka Makambako kwenye baridi, akipewa pikipiki katikati ya Januari aanze siku nzima, ni mgeni wa jua hata kama alizaliwa Magole. Zaidi ya hapo, joto lenyewe haliko pale babu zetu walipoliacha. Mwaka 2024 ndio uliokuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria wastani wa dunia ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa nyuzi 1.55. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa karibu asilimia 93 ya wafanyakazi wa Afrika wanakabiliwa na joto lililozidi kazini, sehemu kubwa kuliko bara jingine lolote. Kuzoea kungekuwa kinga ya kutosha, bara letu lisingeongoza.

Pingamizi la pili lina sura ya kisheria: bodaboda amejiajiri, kwa hiyo apumzike anapotaka, hakuna wa kumuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa moja ya mapumziko akishafanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya 2003, inamtaka mwajiri alinde afya ya anaowaajiri. Inasemwa kwamba hayo hayamfikii mtu wa kijiweni. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka uleule wa 2004, kifungu cha 61, haiangalii jina tunalopeana. Inauliza kama saa za mtu ziko chini ya udhibiti wa mwingine, kama anamtegemea kiuchumi anayemfanyia kazi, kama vifaa vya kazi amepewa. Ikithibitika hata dalili moja kati ya zilizoorodheshwa, mtu huyo anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyepewa pikipiki na mwingine, anayepeleka hesabu kila jioni kwa mtu huyo, si rahisi kumweka nje ya maneno hayo. Siwaombi mwende mahakamani kesho. Kesi ni ndefu na kijana wa hesabu hana nauli ya Morogoro ya kila mwezi. Naeleza tu kwamba neno kujiajiri haliwezi kutumiwa kufunga mazungumzo.

La tatu ndilo zito, na nalipa nafasi yake. Linasema: mkipiga marufuku kazi ya mchana mtawaua kwa njaa mnaotaka kuwaokoa na jua. Ndugu zetu wa Maskati wanaijua marufuku hiyo. Oman inasimamisha kazi za nje tangu Juni hadi Agosti, kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Qatar mwaka 2021 ilirefusha marufuku yake, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni mosi hadi katikati ya Septemba, na ikaongeza kwamba kazi isimame saa yoyote kile kipimo cha vipimajoto vitatu kikizidi nyuzi 32.1. Kliniki za Hilali Nyekundu za huko zilizokuwa zimepokea wagonjwa 1,520 wa joto kiangazi cha 2020 zilipokea 620 mwaka 2021 na 351 mwaka 2022. Marufuku inafanya kazi, basi. Lakini inafanya kazi pale ambapo kuna mshahara wa mwezi unaoendelea kuhesabika mtu akiwa kivulini. Iletwe kama ilivyo kwa mtu wa hesabu, na pingamizi litakuwa limeshinda: atapumzika kwa amri na jioni atadaiwa kama kawaida, kisha ataendesha usiku wa manane bila taa nzuri ili kufidia. Nakubaliana na wapinzani hapo, na kukubaliana kwangu kunaitia nguvu hoja yangu. Saa ya kivuli bila kugusa hesabu ni adhabu.

Wengine, kwa moyo mwema, wanapendekeza kinyume chake: mteja anayetaka mzigo saa nane mchana alipe zaidi. Silikubali. Bei kubwa ya mchana ingewavuta juani hasa wale wenye deni kubwa na miili iliyochoka, na tumeona California malipo yanayomsukuma mtu yanavyofika kwenye figo. Nyongeza ya fedha inaweza kulipa uchovu; haimpozi mtu. Kwa safari ambazo kweli hazingoji, kama ya dawa ya mgonjwa au ya mama mwenye uchungu, tuna mfano wa kwetu wa m-mama, ambapo mtu anapiga 115 na dereva wa jamii anatumwa kwa nauli iliyokubaliwa tangu awali. Nauli hiyo haipandi kwa kuwa mtu ana shida. Safari za namna hiyo ni chache kwa siku, na zinaweza kufanywa kwa zamu na kijana aliyepumzika. Kipuri cha pampu na sare za shule vinaweza kungoja saa tisa na nusu. Mteja akiambiwa mapema kwamba mizigo ya mabasi ya mchana inafika jioni, na ile ya mabasi ya jioni inafika kesho yake saa moja asubuhi, ataizoea ratiba kama alivyoizoea ya basi.

Tafakarini pia jinsi tunavyobeba chanjo. Chanjo nyingi zinazotoka wilayani kwenda zahanati zinasafirishwa ndani ya boksi la baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, na anayezipokea anaangalia alama ya kichupa kuona kama joto limeziharibu njiani. Utaratibu huo ni mzuri na umeokoa watoto wengi. Boksi hilo likisafiri kwa pikipiki, hakuna fomu yoyote inayouliza habari za mtu aliyelifunga nyuma yake, wala zahanati anakofika haina wajibu wa kumpa kikombe cha maji na benchi kivulini. Kinachohitajika kwake ni rahisi mara mia kuliko mnyororo wa baridi. Halmashauri inayotoza ushuru stendi inaweza kuweka bomba la maji safi, choo cha bure kwa wenye vibali vya usafirishaji, na paa la makuti, ambalo ni baridi kuliko bati. Uongozi wa kijiwe unaweza kupokea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni na kuuandika ubaoni. Hayo yafanyike mapema, hayana ubishi mwingi.

Palipo na ubishi ni fedha, kwa hiyo nimalizie hapo kwa mfano, kila mmoja aweke namba zake. Tuchukue pikipiki ya mkataba wa miezi 12 kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku. Tuseme tangu Oktoba mosi hadi mwisho wa Februari, siku 150 hivi, hesabu inashushwa hadi 8,000, na dereva naye anafungwa na makubaliano kwamba chombo kinalala kivulini tangu saa sita hadi saa tisa. Kilichopungua kwa miezi yote hiyo ni shilingi 300,000, sawa na hesabu ya siku 30. Mwenye pikipiki hasamehi kitu. Mkataba wa miezi 12 unakuwa wa 13, na chombo chake kinakaa saa 450 zaidi nje ya jua na nje ya ajali. Mwenye mkopo wa benki ataniambia marejesho hayangoji, na ni kweli, lakini ratiba ya marejesho inaweza kuombwa kabla ya kutia saini, kama wakulima wanavyoomba ifuate mavuno. Kwa hesabu isiyo na mkataba hakuna mwezi wa 13 wa kusogezea, kwa hiyo hapo gharama igawanywe waziwazi: katika siku 215 zilizobaki, ambazo zina baridi ya Juni na Julai ndani yake, dereva anaongeza shilingi 700 kwa siku na kurudisha nusu, nusu nyingine anaibeba mwenye mali. Huenda kwenu 2,000 ni nyingi, au hazitoshi; safari nyingine zitahamia asubuhi na jioni na pengo litakuwa dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi, na hilo litajulikana baada ya msimu mmoja. Kiasi kitakachokubaliwa kiandikwe ndani ya karatasi ileile ya mkataba, kwenye kipengele kilekile cha hesabu, pamoja na saa za kulala chombo na majina ya mashahidi wawili wa kijiwe, kabla ya Oktoba.